Kuanguka, Kushikwa, Kuduwaa: Mabadiliko ya Uainishaji wa Kifafa na Changamoto Zake kwa Istilahi za Kiswahili

Utangulizi

Mama anayemfikisha mtoto wake zahanati katika pwani ya Kenya na kusema "mtoto ameshikwa na dege" huwa ametoa taarifa kamili kwa mujibu wa lugha yake. Ametaja kilichotokea, ametaja kilichomshika mtoto, na amedokeza pia tiba anayodhani inafaa. Tabibu anayempokea ana orodha nyingine ya majina. Katika orodha hiyo hamna dege; mna mshtuko uliochochewa na homa, mna malaria ya ubongo, mna kifafa cha aina kadhaa. Iwapo wawili hawa hawatakutana katika jina, huenda wasikutane katika dawa.

Makala hii inaeleza jinsi majina ya kifafa na ya matukio yake yalivyobadilika katika taaluma ya tiba, hasa baada ya mwaka 1970, na kuyapima mabadiliko hayo kwa mizani ya Kiswahili. Mada hii imezoeleka kuachiwa madaktari. Hata hivyo, mijadala ya kitaalamu juu ya ugonjwa huu kwa takriban miaka hamsini imekuwa, kwa sehemu kubwa, mijadala ya kisemantiki: neno gani linasema zaidi ya linavyopaswa, neno gani linaficha, neno gani linamtia mgonjwa aibu isiyo na sababu. Haya ni maswali ambayo mwanafunzi wa Kiswahili amefunzwa kuyauliza. Nayo yanahusu watu wengi, kwani Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban watu milioni 50 duniani wana kifafa, karibu asilimia 80 yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Majina ya kale na picha zilizomo ndani yake

Lugha nyingi zimekiita kifafa kwa mojawapo ya picha mbili. Picha ya kwanza ni ya kushikwa. Neno la Kigiriki ambalo lugha za Ulaya zimelirithi linatokana na kitenzi chenye maana ya kukamata kwa ghafla, kana kwamba kuna mkono usioonekana uliomfikia mtu. Picha ya pili ni ya kuanguka. Kiarabu hutumia neno linalotokana na mzizi wenye maana ya kumbwaga mtu chini, na Kiingereza cha kale kilikiita ugonjwa wa kuanguka. Warumi walikuwa na jina la kipekee lililotokana na mikutano yao ya kupiga kura. Mtu akianguka mkutanoni, mkutano uliahirishwa, hivyo maradhi yenyewe yakaitwa maradhi ya mkutano.

Kiswahili kina picha hizi zote mbili katika vitenzi vyake. Husemwa kwamba mtu "ameanguka kifafa", "ameshikwa na kifafa", na wakati mwingine kwamba "kifafa kimempanda". Tuangalie sarufi ya kauli hizi. Katika "ameshikwa na kifafa", kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa na kifafa kimewekwa na kiunganishi "na" katika nafasi ya mtenda. Katika "kimempanda", ugonjwa umekuwa kiima na mtu amekuwa yambwa. Kitenzi hicho hicho ndicho kitumikacho kwa pepo na kwa mori. Sarufi haidai kwamba kifafa ni pepo, lakini imekipa kifafa kiti kile kile ambacho pepo hukikalia.

Nomino yenyewe ina picha ya tatu. Wanaotafuta asili ya neno "kifafa" huirejesha kwenye kitenzi -fa, kilichofanyiwa takriri na kutanguliwa na ki-. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway aliyeanza kuwahudumia wagonjwa wa kifafa Mahenge, nchini Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alilieleza neno hili kwa maana ya kuwa nusu mfu. Kwa hiyo Waswahili waliona kifo kidogo, kifo kinachokuja na kuondoka. Takriri katika vitenzi vya Kiswahili aghalabu huashiria urudiaji, kama vile katakata au pigapiga, na urudiaji ndio kiini cha ugonjwa huu hata katika fasili za kitaalamu. Anayeanguka mara moja tu, na kwa sababu iliyo wazi, hahesabiwi kuwa na kifafa. Hoja hii isivutwe mbali mno, maana degedege na kipindupindu nayo ni majina ya takriri, na kila moja lina kisa chake.

Tofauti ya picha hizi humkabili mfasiri kwa njia ya moja kwa moja. Katika tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, mtawala huyo anaanguka sokoni na povu linamtoka kinywani. Brutus anautaja ugonjwa wa kuanguka, na Cassius analipindua jina hilo kwa kejeli: si Caesar aliye nao, bali ni wao raia, kwa kuwa ndio walioangushwa. Mfasiri akitumia "kifafa" amepata jina sahihi la ugonjwa lakini amepoteza mchezo wa maneno, kwa sababu ndani ya kifafa hamna kuanguka. Akitumia "ugonjwa wa kuanguka" ameiokoa kejeli, ila msikilizaji wa Kiswahili huenda asitambue mara moja ni ugonjwa gani. Ni zoezi zuri kwa darasa la tafsiri kuifungua tafsiri ya Mwalimu Nyerere, iliyotoka mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969, na kupima kilichohifadhiwa na kilichoachwa.

Kutoka kwa miungu hadi kwa umeme

Maandishi yanayohusishwa na Hippokrate, ya takriban mwaka 400 kabla ya Kristo, yaliupinga msimamo wa wakati huo kwamba maradhi haya ni matakatifu. Mwandishi wake alishikilia kwamba si matakatifu kuliko maradhi mengine na kwamba asili yake ni ubongo. Ilichukua zaidi ya miaka elfu mbili kwa kauli hiyo kupata ushahidi wa kutosha. Mwaka 1873 daktari Mwingereza John Hughlings Jackson alikieleza kifafa kuwa ni mfumuko wa ghafla na wa kupita kiasi wa nguvu kutoka sehemu ya ubongo. Mnamo mwaka 1929 Hans Berger wa Ujerumani alichapisha picha za kwanza za mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu, na miaka michache baadaye watafiti nchini Marekani wakaonyesha kwamba matukio ya kifafa huwa na sahihi zake katika mawimbi hayo.

Majina, hata hivyo, yaliendelea kuburura nyuma. Hospitali za Paris za karne ya 19 ziliachia ulimwengu majina mawili, "ubaya mkubwa" na "ubaya mdogo", la kwanza likitaja kuanguka kwa mwili mzima na la pili kupotewa na fahamu kwa sekunde chache bila kuanguka. Majina hayo yalidumu vinywani mwa watu kwa zaidi ya miaka mia moja. Kasoro yake ni kwamba yanapima ubaya kwa macho ya mtazamaji. "Ubaya mdogo" ukimpata mtoto mara nyingi kwa siku darasani si mdogo hata kidogo.

Uainishaji wa 1981 na maneno yaliyouangusha

Muungano wa Kimataifa Dhidi ya Kifafa, ulioanzishwa Budapest mwaka 1909, ndio uliochukua jukumu la kusanifisha majina haya. Baada ya jaribio la mwaka 1970, uainishaji wa matukio uliopitishwa Kyoto mwaka 1981 ndio uliotawala vitabu kwa zaidi ya miongo mitatu. Uliyagawa matukio katika makundi mawili makuu: ya sehemu, yanayoanzia upande mmoja wa ubongo, na ya jumla, yanayohusisha pande zote mbili tangu mwanzo. Matukio ya sehemu yakagawanywa tena kuwa sahili, ambapo fahamu haitatiziki, na changamano, ambapo hutatizika. Mwaka 1989 ukafuata uainishaji wa magonjwa yenyewe, uliotenga yale yenye sababu inayojulikana, yale yanayodhaniwa kuwa ya kurithi, na yale ambayo sababu yake imefichika.

Ni rahisi kuona ni kwa nini maneno haya yalizua vurugu. "Sehemu" lilieleweka na wengi kuwa ni sehemu ya mwili, au kuwa ni tukio nusu, tukio lisilokamilika. "Sahili" liliwakwaza wagonjwa, kwani mtu ambaye mkono wake hutikisika asiweze kuuzuia mbele ya wageni haoni usahili wowote. "Changamano" nalo halikumwambia mtu yeyote asiyekuwa daktari kwamba linazungumzia fahamu. Kwa istilahi za kiisimu, majina haya hayakuwa na uangavu. Mwanaistilahi Kiingi wa Uganda, ambaye vigezo vyake hufundishwa katika idara nyingi za Kiswahili, ameuorodhesha uangavu miongoni mwa sifa za istilahi bora pamoja na usahihi, uiktisadi, utaratibu na ukubalifu. Uainishaji wa 1981 ulikuwa na utaratibu wa kupigiwa mfano, na ulishindwa kwa uangavu.

Kugeuzwa kwa fasili, 2005 hadi 2017

Badiliko lenye athari kubwa zaidi kwa wagonjwa halikuwa la jina la tukio bali la fasili ya ugonjwa. Baada ya fasili ya kidhana ya mwaka 2005, Muungano ulitoa mwaka 2014 fasili ya kutumika kliniki. Kwa mujibu wa fasili hiyo, mtu ana kifafa ikiwa amepata matukio mawili yasiyochochewa, yaliyoachana kwa zaidi ya saa 24. Au amepata moja lakini uwezekano wa kupata jingine katika miaka kumi ijayo ni angalau asilimia 60. Au ametambuliwa kuwa na mojawapo ya sindromu za kifafa. Mtu ambaye jana hakuwa na kifafa kwa mujibu wa hesabu ya zamani aliweza kuwa nacho leo bila chochote kubadilika mwilini mwake.

Fasili hiyo ilifungua pia mlango wa kutoka. Kifafa huhesabiwa kuwa kimetulia ikiwa mtu amevuka umri wa sindromu yake, au amekaa miaka kumi bila tukio, mitano ya mwisho ikiwa bila dawa. Waandishi wa fasili waliepuka kwa makusudi neno lenye maana ya kupona, kwa kuwa uwezekano wa tukio kurudi hauishi kabisa. Hapa Kiswahili kinahitaji tahadhari. Kitenzi -pona kina uzito wa kuokoka. Aliyepona ameepukana na jambo. Kumwambia mtu "umepona kifafa" ni kumwahidi ambacho sayansi haikuahidi, na yamkini kumpandisha kwenye usukani au kwenye mtumbwi mapema mno. "Kifafa chako kimetulia" ni kauli bora, kwa sababu kinachotulia hakijaapa kutorudi.

Mwaka 2017 majina ya matukio yenyewe yakabadilishwa. "Sehemu" liliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na jina linalotaja mahali tukio linapoanzia; katika makala hii linafasiriwa kuwa "la eneo". Sahili na changamano yakafutwa, na badala yake ikasemwa waziwazi kama mtu alikuwa na utambuzi au utambuzi wake ulitatizika. Sababu za ugonjwa zikapangwa katika makundi sita: za kimaumbile, za kijenetiki, za maambukizi, za kimetaboli, za kinga ya mwili na zisizojulikana. Neno lililokuwa na maana ya "usio na madhara", lililozoeleka kwa baadhi ya vifafa vya utotoni, likaachwa pia, kwa kuwa watoto hao waligunduliwa kuwa huweza kupata matatizo ya kujifunza. Tangu hapo husemwa kwamba kifafa cha namna hiyo kina kikomo chake chenyewe.

Inafaa kutaja kwamba wataalamu hutaja ugonjwa huu kwa wingi. Jackson mwenyewe aliandika kuhusu vifafa. Ngeli ya KI-VI inalikubali umbo hilo bila taabu yoyote, ingawa masikio ya wengi yamezoea kifafa kimoja tu, sawa na kichocho na kisukari.

Mwaka 2025: fahamu inarudi

Uainishaji wa 2017 ulikuwa na aina 63 za matukio, nao ulilalamikiwa kuwa mzigo. Mwaka 2025 Muungano ukachapisha marekebisho yaliyopunguza aina hizo hadi 21. Makundi makuu yakawa manne: matukio ya eneo, ya jumla, yasiyojulikana kama ni ya eneo au ya jumla, na yasiyoainishika. Neno "mwanzo", lililokuwa limefungamanishwa na kila jina mwaka 2017, likaondolewa katika majina ya makundi. Aidha, pale uainishaji wa awali ulipotenga matukio yenye mjongeo na yasiyo na mjongeo, ule wa 2025 unatenga yenye dalili zinazoonekana na yasiyo nazo.

Badiliko linalomhusu zaidi mwanafunzi wa lugha ni la fahamu. Mwaka 2017 kigezo kilikuwa utambuzi, yaani mtu kujitambua na kutambua mazingira yake wakati wa tukio. Mwaka 2025 kigezo kikawa fahamu, nayo ikafasiliwa kuwa na nguzo mbili: utambuzi na uitikiaji. Hupimwa kwa kumwagiza mtu afanye jambo dogo wakati wa tukio, kisha kumuuliza baadaye kama anakumbuka. Kuna wanaosikia kila neno na wasiweze kujibu. Wapo pia wanaojibu na baadaye wasikumbuke lolote. Kiswahili cha kila siku hakiyatengi mambo haya. "Kupoteza fahamu" hutumika kwa aliyezimia, aliyelewa chakari na aliyepigwa nusukaputi, na "kufahamu" ni kuelewa, kama ilivyo katika Kiarabu lilikotoka neno hili. Kwa bahati njema, upana huo unalifanya "fahamu" lifae kuwa jina la jumla, huku "utambuzi" na "uitikiaji" yakiwa matawi yake. Aliyeyatafsiri majina ya 2017 kwa kutumia "fahamu" pale palipohitajika "utambuzi" sasa atapata kazi ya kurekebisha.

Mishtuko ya Kiswahili

Tatizo kubwa la istilahi za Kiswahili katika uwanja huu ni kwamba neno moja, kifafa, hutumika kwa ugonjwa na pia kwa tukio. Mtu "ana kifafa" na "amepatwa na kifafa mara tatu wiki hii". Taaluma yote iliyoelezwa hapo juu imesimama juu ya kutenga mambo haya mawili. Hata dawa zimebadilishwa jina kwa sababu hiyo: zilizokuwa zikiitwa dawa za kifafa sasa huitwa dawa za kuzuia matukio, kwa kuwa huzuia tukio bila kuondoa ugonjwa. Mgonjwa anayedhani amepewa dawa ya kuondoa ugonjwa huacha kuimeza anapokaa miezi sita bila kuanguka, na mara nyingi huanguka tena.

Neno gani basi litumike kwa tukio? "Mtukutiko" linafaa kwa tukio lenye kutikisika, lakini haliwezi kuwa jina la jumla, kwani mtoto anayeduwaa kwa sekunde kumi hatukutiki. "Shambulio" limebeba vita. "Mshiko" lingekuwa jamaa wa karibu wa neno la Kigiriki, ila katika mitaa ya Dar es Salaam mshiko ni pesa, na hakuna daktari atakayetaka kumwambia mgonjwa kwamba amepata mshiko. "Tukio la kifafa" ni wazi, lakini linakosea pale ambapo tukio halitokani na kifafa. Pendekezo la makala hii ni "mshtuko wa ubongo", kwa mfano wa "mshtuko wa moyo" ambalo limekwisha kukita mizizi katika vyombo vya habari. Linajitenga na "mtikisiko wa ubongo" wa aliyegongwa kichwa na vilevile na kiharusi. Udhaifu wake ni kwamba mshtuko ni pia hali ya aliyepata habari mbaya, lakini kivumishi kinaondoa utata.

Jina la jumla likishapatikana, aina zake hazina shida. Vitenzi vya Kiswahili vimeyaeleza maumbo haya kwa ufasaha kuliko majina ya Kigiriki na Kilatini: mshtuko wa kukakamaa, wa kutukutika, wa kugutuka, wa kulegea, wa kujikunja, wa kuduwaa. Hili la mwisho lina uzito wake. Mtoto mwenye mishtuko ya kuduwaa huonekana amezubaa. Macho yake yanatazama asikoona, kisha anaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mwalimu humwita mvivu au mwotaji wa mchana. Jina la mshtuko huo likiwa midomoni mwa walimu, mtoto huyo atapelekwa hospitalini badala ya kusimamishwa nje ya darasa.

Degedege na kifafa cha mimba

Lipo jambo ambalo Kiswahili kililitenga kabla ya kuambiwa. Degedege si kifafa katika Kiswahili, na wala si kifafa katika tiba. Degedege ni mitukutiko ya mtoto mchanga au mdogo mwenye homa, na wataalamu huiita mishtuko iliyochochewa, kwa maana kwamba ina chanzo cha papo hapo kama homa, malaria ya ubongo au upungufu wa sukari mwilini. Lugha iliuona umri na homa, ikatoa jina tofauti.

Lakini jina hilo lina mabawa. Dege ni ndege mkubwa, na Wamijikenda huita hali hiyo nyuni, neno ambalo msomaji wa ushairi wa kale wa Kiswahili analijua kwa maana ile ile ya ndege. Katika imani iliyoenea pwani yote, ndege au pepo wa umbo la ndege humpitia mtoto juu. Utafiti uliofanywa Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba degedege lilichukuliwa kuwa ugonjwa wa kando na malaria, na kwamba wengi walianzia kwa mganga. Mahali pengi iliaminika kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Kwa mantiki ya jina, jambo hilo linaeleweka, kwani malaria ni ya hospitali na ndege ni wa mganga. Mtoto yule yule mwenye vimelea vile vile alielekezwa njia mbili kwa kutegemea jina lililotangulia kutajwa.

Je, degedege lifutwe? Ingekuwa kosa. Neno hilo ndilo linalomfanya mzazi akimbie, na tofauti linayoichora ni sahihi. Kinachohitajika ni kulifungamanisha na homa katika maelezo ya kliniki na ya redio, ili anayesikia "degedege" asikie pia "malaria" na "hospitali". Jina hubadilika maana kwa matumizi, hata pale asili yake inapobaki pale pale.

Kesi ya "kifafa cha mimba" ni kinyume chake. Hapa lugha imeunganisha vilivyopaswa kutengwa. Hali hiyo inatokana na ujauzito, huambatana na shinikizo la damu lililopanda, na mishtuko yake ni ya kuchochewa. Dawa yake ya kwanza ni salfeti ya magnesi, na tiba yake ya mwisho ni mtoto kuzaliwa. Aliyepatwa nayo hana kifafa. Kwa kuwa jina lake lina kifafa kama neno kuu na mimba kama kijalizo tu, sarufi inaiweka miongoni mwa vifafa, kama vile kiti cha mbao kilivyo miongoni mwa viti. Mwanamke anaweza kutoka wodini na sifa ya ugonjwa wa maisha asiokuwa nao, na wakwe wakaipokea sifa hiyo. Baya zaidi, familia inayoujua kifafa kama jambo la kusubiri lipite yaweza kusubiri pia hapa, pasipo na muda wa kusubiri. "Mshtuko wa mimba" lingekuwa jina salama zaidi.

Kulibadilisha jina la watu

Katika baadhi ya nchi mjadala ulivuka matukio na kufikia jina la ugonjwa wenyewe. Kichina kilikuwa na jina lililohusishwa na wazimu na wanyama. Hong Kong ilikubali jina jipya lenye neno la ubongo mwaka 2010. Katika miaka hiyo hiyo wataalamu wa Korea Kusini waliliacha jina lililobeba dharau na kuchagua jingine lenye maana ya maradhi ya umeme wa ubongo. Nchini Malaysia jina la mitaani lilimaanisha wazimu wa nguruwe, na jina la kimataifa likapendekezwa mahali pake. Sheria nazo zilihusika: India iliondoa kifafa katika masharti ya sheria ya ndoa ya Wahindu mwaka 1999.

Kiswahili hakina sababu kama hizo za kulitupa neno lake. Kifo kilichomo ndani ya "kifafa" kimelala; msemaji wa kawaida hakisikii, kama asivyosikia ndege anapopanda ndege kwenda Kisumu. Tena Kiswahili hakijawahi kuunda nomino ya kumwita mtu kwa ugonjwa huu. Kiingereza kililazimika kuliacha jina la namna hiyo na kuanza kusema "mtu mwenye kifafa", jambo ambalo Kiswahili kimelisema tangu awali. Unyanyapaa ulioonekana Mahenge, ambako watu waliogopa kumgusa aliyeanguka hata akiungua motoni kwa hofu ya povu lake, haukutoka katika nomino. Ulitoka katika imani ya kuambukizwa, na ukalindwa na vile vitenzi vya kushikwa na kupandwa. Mwandishi wa mwongozo wa afya anayeandika "amepata mshtuko" badala ya "kifafa kimempanda" amekitoa kifafa katika kiti cha pepo bila kuligusa jina lake.